Biblia ya kusikiliza kwenye memori kadi: nimeitumia kwenye daladala, jikoni na kwenye jumuiya, maoni yangu haya hapa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Watu wengi wameniuliza kuhusu hii Biblia ya kusikiliza ninayotembea nayo, wengine wananiona na hedifoni kila asubuhi kwenye gari wanadhani ni Bongo Fleva, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa yote, uzuri wake na kasoro zake, ili anayetaka kununua ajue anatoa hela yake kwa kitu gani. Mnivumilie ntakuwa mrefu kidogo maana mambo yenyewe yananigusa.

Ni memori kadi ya kawaida tu, ile ndogo ya kuweka kwenye simu, ndani yake kuna Biblia nzima vitabu vyote 66 imesomwa kwa Kiswahili, kila sura ina faili lake. Nimenunua kwenye duka la vitabu vya Kikristo hapahapa mjini Dar, kadi elfu kumi na tano, na kile kispika kidogo cha kuchomekea kadi (kina redio na tochi humohumo) elfu ishirini na tano. Nlichukua kadi mbili na kispika kimoja, kadi moja ikaingia kwenye simu yangu, nyingine na kispika nikampa mama mkwe wangu ambaye tunaishi nae Gongo la Mboto na macho yake saivi hayamruhusu tena kusoma. Maandiko yaliyosomwa ni yale ya Union Version, ile Biblia yetu ya siku zote iliyokamilika mwaka 1952, kwa hiyo ukitaka kufuatilia na kitabu mkononi unaenda nayo neno kwa neno bila kupotea.

Usomaji wake ni mzuri. Agano la Kale anasoma baba mmoja sauti nzito, hana haraka, anatamka vizuri, hajifanyi kulia wala kutisha. Agano Jipya wamesoma watu wengi, Petro ana sauti yake, Marta ana sauti yake, Pilato vilevile, na hapo ndo utampenda mtu aliyepanga, maana kwenye Yohana sura ya 4 pale kisimani unamsikia yule mwanamke Msamaria anavyojibizana na Yesu kama wanawake wa kwetu wanavyojibu, wa Uswahilini kabisa, haogopi mtu. Nimesoma hiyo sura tangu niko kipaimara ila sikuwahi kuona kama yule mama ana hoja kiasi kile!

Sasa jambo kubwa kwangu, na ndo sababu hasa ya kuandika maoni haya, ni kwamba msomaji hataji namba za mistari. Anataja kitabu, anataja sura, basi, anaenda. Mwanzoni inakusumbua kwa sababu sisi tumezoea mistari, tuna mstari wa siku, mstari wa kuweka status, mstari wa kuandika kwenye kioo cha nyuma cha daladala, mstari wa kadi ya mchango wa harusi. Lakini hizo namba zimewekwa baadae sana. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya tulizonazo zilitoka kwenye chapa ya Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuandika "Wafilipi nne kumi na tatu", Paulo aliandika barua, ikabebwa, ikafika, watu wakakaa chini wakasomewa yote mpaka mwisho. Kwenye Wakolosai 4:16 anawaambia kabisa barua ikishasomwa kwenu isomwe na kule Laodikia, na Ufunuo 1:3 inataja heri ya anayesoma na ya wale wanaosikia. Miaka mingi kabla ya hapo Ezra alisimama mbele ya lango la maji kule Yerusalemu akasoma torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri na watu wamesimama (Nehemia 8). Asubuhi mpaka adhuhuri jamani, sisi mahubiri yakizidi kidogo tunaangalia saa.

Kwa hiyo kusikiliza sio njia ya mkato ya mtu mvivu kusoma, kama dada mmoja alivyoniambia. Ni njia ya zamani kabisa. "Imani, chanzo chake ni kusikia", ndivyo Warumi 10:17 inavyosema. Na mwenzangu anayeona aibu kusikiliza Neno ndani ya gari amkumbuke yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8, alikuwa safarini ndani ya gari lake anatoka Yerusalemu, anasoma kwa sauti kitabu cha Isaya mpaka Filipo akamsikia kutokea nje, na safari ile haikuisha kabla hajabatizwa.

Mi nafanya kazi Kariakoo kwenye duka la vitambaa. Kutoka Gongo la Mboto asubuhi unajua mwenyewe, Banana pamesimama, ukisogea uwanja wa ndege kunaenda kidogo, Tazara ndo unazima kabisa injini ya moyo wako. Nlianza na Marko kwa kuwa ni fupi, sura 16, ukiwa na foleni nzuri unaweza kumaliza karibu kitabu chote kwa kwenda na kurudi. Na kuna asubuhi moja sura ya 5 ilinikuta tumesimama Tazara, abiria wanagombana na konda, mama mmoja anapiga simu kazini anaomba asikatwe siku yake. Na masikioni mwangu Yairo anamwambia Yesu binti yangu yu karibu kufa. Yesu anaondoka nae. Alafu umati unawasonga, alafu yule mama aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi, na Yesu ANASIMAMA. Anauliza nani amenigusa. Wanafunzi wanamshangaa. Yeye anaangalia huku na huku amwone.

Yairo yuko wapi muda wote huo? Amesimama pale. Mtoto wake anakufa nyumbani na aliyemfuata kwa ajili ya mtoto amesimama njiani anaongea na mtu mwingine, mtu ambaye shida yake ina miaka 12, yani ingeweza kusubiri na nusu saa nyingine. Ukisoma kwa mistari unaruka, muujiza wa kwanza, muujiza wa pili, umemaliza. Ukisikiliza huwezi kuruka, unasubiri pamoja na Yairo, na kabla Yesu hajamaliza kuongea na yule mama wanakuja watu wa nyumbani kwa Yairo wanasema "Binti yako amekwisha kufa, kwani kuzidi kumsumbua mwalimu?" Hapo niliumia kama sijui mwisho wake. Na binti mwenyewe ana miaka 12, sawasawa na miaka ya ugonjwa wa yule mama, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiunganisha mpaka nilivyosikia vyote viwili kwa pumzi moja.

Nikamwangalia yule mama mwenye simu. Sote humo ndani tulikuwa na mtu anayetusubiri mahali, bosi, mteja, daktari, mtoto getini shuleni. Na Yesu hakumkaripia Yairo kwa kuwa na haraka, wala hakumwacha yule mama njiani ili awahi, alimwambia Yairo "Usiogope, amini tu" wakaendelea kutembea. Tangu hapo mtu akinichelewesha dukani, ule aina ya mteja anayegeuza vitambaa vyote alafu hanunui, namkumbuka huyu mama, najiuliza labda na yeye kuna kitu amekibeba miaka mingi. Sio kila siku naweza ila najaribu kwa kweli.

Kitu kingine kilichonishika ni Yeremia. Wote tunajua 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Huu mstari nadhani ni wa kwanza kwa kusambazwa mwezi wa kwanza kila mwaka, unatumiwa na watu hata kumi. Mimi naupenda na nitaendelea kuupenda. Ila kwenye kadi hauji peke yake, kabla yake unapita sura ya 28, na sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya watu wote anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atawarudisha mateka na vyombo vyote vya hekalu kutoka Babeli. Anamvua Yeremia ile nira aliyovaa shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, anaivunja. Nahisi watu walishangilia sana siku ile. Miaka miwili tu! Na mwaka uleule Hanania akafa, kwa sababu Bwana hakumtuma.

Ndo inakuja sura ya 29, barua ya Yeremia kwenda kwa wale mateka, na ndani yake anawaambia ni miaka 70. Kwa hiyo "jengeni nyumba, mkakae ndani yake", pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu, na huo mji mliopelekwa kwa nguvu uombeeni kwa Bwana, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Baada ya hayo yote ndo unasikia mawazo ya amani. Mawazo ya amani yameambatana na miaka 70, wengi waliosomewa ile barua hawakuja kuiona Yerusalemu tena, walizeeka Babeli wakiangalia bustani walizopanda.

Nimekaa na hili muda mrefu. Hapa Dar wengi wetu tumetoka mahali, Mbeya, Kagera, Kilimanjaro, Songea, na wengi tunaishi kama watu wanaosubiri kitu kitokee ndo waanze kuishi, nikipata nyumba yangu, nikipata kazi serikalini, nikifunguliwa milango mwaka huu. Mtu amepanga miaka nane mahali hajui jina la jirani, hajapanda hata mchicha nyuma ya nyumba kwa kuwa "hapa napita tu". Na tunapenda sana kutangaziwa miaka miwili. Sisemi kwamba watumishi wote wanaotamka neno la mwaka ni kina Hanania, wapo waliotumwa na wapo wanaolia kweli kwa ajili ya watu wao. Lakini kama mstari huu unaupenda basi upokee na barua yake yote, panda bustani, uombee mji, uombee mtaa wako mitaro izibuliwe, uombee na yule mwenyekiti wa serikali ya mtaa ambaye hukumpigia kura. Mi nimepanda bamia na majani ya maboga kwenye viroba, mama mkwe ndo anamwagilia.

Sasa kasoro, maana zipo na zinaudhi.

Ya kwanza kabisa ni mpangilio wa mafaili. Aliyetengeneza hakuandika namba kwa tarakimu tatu, kwa hiyo kispika kinasoma Zaburi ya 1, alafu ya 10, alafu ya 100, ya 101, kinaenda hivyo mpaka 109 ndo kinarudi kwenye 11. Kwenye Zaburi unavumilia maana kila zaburi inasimama yenyewe, ila kwenye Mwanzo ni vurugu, unatoka uumbaji sura ya kwanza unarukia sura ya 10 ukoo wa Nuhu, gharika yenyewe hujaisikia. Kwa kitu ambacho faida yake yote ni kusikia kwa mfululizo hii ni kasoro kubwa. Kijana wa jirani alinisaidia kuyabadilisha majina kwenye kompyuta, 001, 002, 003, ikanyooka. Mnunuzi akague dukani kabla ya kutoa hela, omba wachomeke, weka Mwanzo sura ya 1 uache iende yenyewe usikie inafuata ipi.

Ya pili kispika hakikumbuki ulipoishia. Ukizima, ukiwasha kinaanza mwanzo wa kadi, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi", kila siku. Mama mkwe amejifunza kuhesabu mibonyezo ila kwa mzee mwingine itamchosha. Kwenye simu haina shida, tafuta pleya inayokumbuka.

Ya tatu ni muziki. Agano Jipya wameweka kinanda nyuma, sehemu nyingine kinanda kinapanda mpaka kinamfunika msomaji, hasa kwenye mateso ya Bwana, pale ambapo mi nilitaka kusikia kila neno. Anayesikia kwa shida ataumia zaidi. Agano la Kale halina kinanda na nimeshukuru. Chaji ya kispika inatosha, haina maneno.

Na tafadhali msinunue zile kadi za kurushiwa barabarani kwa buku mbili. Mtu amekopi kazi ya watu waliokaa studio, na unakuta vitabu vingine havimo, jirani yangu yake haina kabisa Manabii Wadogo. Kama hela hakuna na simu janja unayo, kuna apu ya Bible.is ina Kiswahili cha kusikiliza, ni bure, unapakua ukiwa na bando alafu unasikiliza bila mtandao. Kadi inamfaa zaidi mwenye simu ya kitochi, mzee, au mtu kama mimi ambaye nikifungua simu kwa intaneti naishia kwenye mambo mengine.

Nirudi kwa mama mkwe. Yeye anasikiliza jikoni akichambua mchele, na hana mpangilio, inapoishia ndo hapohapo. Siku moja nimerudi nikamkuta kimya, kispika kinaendelea, akaniambia mwanangu hebu irudishe nyuma hiyo. Ilikuwa Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Nikairudisha tukasikiliza wote, "Umkopeshapo jirani yako cho chote cha kukopesha, usiingie nyumbani mwake kwenda kutwaa rehani yake. Simama nje". Mkopeshaji asimame NJE, mkopaji mwenyewe ndo amtolee rehani. Na kama ni maskini na rehani ni nguo yake ya kulalia amrudishie jua likichwa. Na juu kidogo hapo inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu hilo ndo uhai wake.

Wanaokaa mitaa yetu wanaelewa kwa nini tulikaa kimya. Mikopo ya kausha damu imemaliza wanawake. Mtu anakopa laki mbili ya kuongezea mtaji wa maandazi, marejesho ni kila siku, siku mbili mtoto anaumwa hajauza, wanakuja watu wanaingia mpaka chumbani, wanabeba tivii, wanabeba mtungi wa gesi, wanabeba godoro watoto wamelalia. Wameshaingia nyumba ya pili kutoka kwetu, watoto wanaangalia. Na jiko la mama muuza maandazi ndo jiwe lake la kusagia, ukilibeba umebeba na njia yake ya kukulipa. Torati ilishaliona hili kabla hakujawa na gesi wala tivii, na halikuishia kwenye mambo ya riba, lilifika mpaka mlangoni, mpaka kwenye heshima ya mtu ndani ya nyumba yake mbele ya watoto wake. Anayekudai hajapata haki ya kukudhalilisha. Mimi sikujua kabisa kama hiyo imo kwenye Biblia, na kanisani nimekaa maisha yangu yote.

Mama mkwe akasema, wakopeshaji wenyewe wengine tunasali nao. Kweli. Kuna kina mama kwenye vikoba vyetu wanakopesha pembeni kwa riba ya kutisha alafu Jumapili wanatoa fungu la kumi la hiyohiyo faida. Kwa hao kuna Nehemia sura ya 5, ambayo ukimsikia yule baba anavyoisoma utashtuka, watu wanalia na wake zao kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, watoto wao wanauzwa utumwa, na wanaowafanyia hivyo ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia anakasirika sana. Lakini sikilizeni, haanzi kupiga kelele, anafanya shauri na moyo wake kwanza, ndo anawaita wakubwa, anawagombeza mbele ya mkutano, na anasema wazi kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake na watumishi wake wamekuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Hakujitoa. Anawaambia warudishe siku hiyohiyo mashamba, mizabibu, nyumba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wanatoza. Na wakarudisha! Kiongozi wa kikoba akisikia hii sura mpaka mwisho ana la kufanya Jumatatu asubuhi, na halihitaji maono.

Vitabu vingine napita haraka. Hesabu na Mambo ya Nyakati zile sura za koo ni ngumu kusikiliza kuliko kusoma, majina yanapita tu, mi naziacha ziende nikiwa nafua. Mithali nayo haifai kusikilizwa sura nzima kwa mara moja, kila mstari unausukuma uliotangulia, bora kidogokidogo. Isaya inahitaji utulivu sio daladala. Wafilipi isikilizwe yote kwa mkupuo maana ni sura 4 tu, na utasikia kwamba "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" kumesemwa na mtu aliyefungwa, ambaye sekunde chache kabla ametoka kusema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Mwanangu wa form four nilimsikilizisha hiyo kabla ya mtihani, nikamwambia inamhusu akifaulu na inamhusu akifeli, akaniangalia alafu akaomba aisikie tena.

Kwa mtu wa kazini anayetaka mpango, Agano Jipya lina sura 260. Ukisikiliza sura moja kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 52, unalimaliza kwa mwaka kamili, na wikiendi unapumzika au unarudia. Biblia nzima ni sura 1,189, hiyo ni sura tatu na kidogo kwa siku bila kuruka siku.

Na mwisho kwenye jumuiya. Tulikuwa tumezoea mtu anasoma mistari mitano, kila mmoja anachangia, saa imeisha. Nikaomba siku moja tuchomeke kispika tusikilize Filemoni yote, mistari 25 tu, dakika chache. Tulikuwa sebuleni kwa mama mmoja, tumejaa, wengine kwenye ndoo za kugeuza. Ikaanza, na kumbe ile barua yenyewe iliandikwa kwa Filemoni pamoja na kanisa lililo katika nyumba yake, yani nayo ilisomwa sebuleni hivihivi, mwenye nyumba amekaa palepale watu wote wanamsikia Paulo akimwomba ampokee Onesimo, mtumwa aliyekimbia, ampokee kama ndugu mpendwa, na kama kuna deni liandikwe juu ya Paulo. Na mwishoni anamwambia aandae chumba cha wageni, anakuja. Filemoni angefanyaje mbele ya watu wote wale?

Hatukuwa na haja ya maswali ya kitabu siku hiyo. Mzee wa jumuiya akauliza, kwenye nyumba zetu Onesimo ni nani, na kabla hajakaa wamama wameshaanza, dada wa kazi anakula wapi, analala saa ngapi, mshahara wake mnampa tarehe ngapi, kwa nini yeye haendi jumuiya wakati sisi tuko huku. Mwingine akaleta Walawi 19:13, kwamba mshahara wa mwajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Maneno yalikuwa makali lakini hakuna aliyeondoka. Wawili wakaenda kuwaita wasichana wao palepale waje kukaa na sisi, mmoja akaja bado ana unga mikononi, akaomba tumwekee na yeye asikie. Tukaiweka tena.

Wiki ijayo ni zamu ya nyumbani kwetu na tutasikiliza Yakobo, sura zote tano, haifiki nusu saa. Wa Gongo la Mboto karibuni, tunaanza saa kumi na moja na nusu jioni, na anayetaka kujua duka lilipo aniulize hapo chini ntamwelekeza.